Chura wa Kihansi na umeme wetu: nani anamdai nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninafundisha Uraia kidato cha tatu, huku upande wa Mlimba. Wanafunzi wangu wanaandaa mdahalo wenye mada: "Fedha zilizotumika kuwaokoa vyura wa Kihansi zingetumika kwa wananchi." Nimeombwa nitoe neno la mwisho, na kusema kweli wanaounga mkono mada ndio walionigusa. Baba yangu alifanya kibarua handaki la mitambo ya umeme ya Kihansi lilipokuwa linachimbwa. Nguzo za umeme mkubwa zilipita shambani kwetu miaka mingi, sisi tukisoma kwa kibatari. Halafu tukasikia vyura wamepandishwa ndege kwenda Marekani! Biblia inasema tuitawale dunia. Chura ana haki gani mbele ya mtoto anayesomea kibatari? Na haya maadili ya mazingira, si mambo ya watu walioshiba?

JIBU:

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye kile kibatari. Mimi pia nilisoma kwa kibatari. Najua masizi yanavyoingia puani, asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Kwa hiyo siwezi kukuanzia na falsafa. Nitaanza na hesabu, maana ubishi wa Kihansi, karibu kila mahali nilipousikia, unaendeshwa bila hesabu.

Mto Kihansi unatoka nyanda za juu za Iringa, unakatiza ukingo wa Milima ya Udzungwa na kuporomokea bonde la Kilombero. Kutoka bwawani juu mpaka kwenye mitambo iliyochimbiwa ndani ya mwamba huko chini, maji yanaanguka kama mita 850. Ni anguko kubwa mno, na ndilo lililowavutia wahandisi, kwa kuwa maji kidogo yanatoa umeme mwingi. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka kiasi hicho, inazalisha takriban megawati 7 na nusu. Mitambo iko mitatu, kila mmoja megawati 60, jumla 180. Ilipokamilika mwaka 2000 ilikuwa karibu theluthi nzima ya mitambo yote ya umeme wa maji nchini, ya pili baada ya Kidatu. Nani asiyekumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, bwawa la Mtera likiwa limebaki tope? Kihansi ilihitajika. Hilo silibishi, na wala chura hakulibisha.

Sasa maji yenyewe. Kwa wastani mto huo ulikuwa unabeba kama mita 16 za ujazo kwa sekunde, na kabla ya bwawa zote zilipita korongoni. Mitambo ilipowashwa, sehemu kama tisa kati ya kumi zikaingizwa handakini, na kinachoachiwa korongo ni chini ya mita 2. Chukua hata hizo mbili kamili. Ni kama kugawa maji ya Kihansi kwenye ndoo nane: saba zinakwenda kwenye mitambo, moja anaachiwa chura anayeishi korongoni, nayo haijai. Kwa lugha ya umeme, ndoo ya chura haizidi megawati 15.

Nakuuliza mimi: umeme wa zile ndoo saba ulikwenda wapi?

Uliingia gridi ya taifa, ukaenda mijini na viwandani, ukapita juu ya shamba la baba yako bila kushuka. Tuseme chura yule hakuwahi kuwepo duniani, na ndoo ya nane nayo ikaingia handakini. Taa ingewaka nyumbani kwenu? Unajua jibu lake, mwalimu, kwa sababu zile saba hazikuwasha. Mlinyimwa umeme na mipango iliyohesabu mlaji wa mbali na kumsahau mwenye shamba linalopitiwa na nguzo. Kudai ni haki yenu, na mngedai kwa sauti kubwa zaidi. Ila deni likapelekwa kwa chura, kwa kuwa ni mdogo, hana wakili, na kumtaja tu kunachekesha. Ukimlipisha chura deni hili, waliokula wanatoka kwa mlango wa nyuma na hakuna anayewauliza.

Mtoa hoja wako atasema, mzee amekwepa fedha. Sikwepi. Fedha zilitumika, tena za mkopo, na ndege ilipandwa kweli. Lakini wanafunzi wako wajue zilikuwa zinalipia nini, na hapo inabidi nisimulie kidogo.

Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990. Korongo lenyewe halikuwa limechunguzwa sawasawa, kwa kuwa halifikiki kirahisi. Ni genge, maji yanaunguruma, na mvuke umetanda usiku na mchana. Watafiti waliingia humo kwa kina wakati kazi ya bwawa imekwisha kuanza, na mwaka 1996 wakakuta chura ambaye hakuna kitabu cha sayansi kilichokuwa kimemwandika. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai. Wakampa jina la kisayansi Nectophrynoides asperginis, na hilo neno la pili linatokana na Kilatini, maana yake manyunyu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Huyu aliingia daftarini saruji ikiwa imekwisha kumwagwa.

Na ni chura wa namna yake. Mkubwa hafiki sentimita 3, ana rangi ya njano ya haradali, hana masikio ya nje. Hatagi. Karibu vyura wote unaowajua hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Huyu anazaa watoto hai, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Kusema kweli ukishayaona maporomoko unaelewa. Kiluwiluwi angeishi wapi penye maji yanayokimbia namna ile? Jenasi yake yote, yeye na ndugu zake, haipatikani nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Na yeye mwenyewe dunia nzima alikuwa na makazi ya hekta mbili tu, sawa na viwanja vitatu hivi vya mpira, pale manyunyu ya maporomoko yanapotua kwenye nyasi.

Maji yalipohamishiwa handakini, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kupelekwa Bronx, New York, kwenye bustani ya wanyama, wakagawiwa bustani nyingine huko Marekani. Mwaka 2001 mabomba na vinyunyizio vikafungwa korongoni ili kuiga manyunyu ya mto. Ikaelekea kufaulu, na kufikia katikati ya 2003 vyura walikadiriwa kukaribia 20,000. Kisha ndani ya miezi michache wakapukutika. Vinyunyizio vilikuwa vimesumbua. Bwawa lilikuwa limefunguliwa kusafisha tope, nalo likashukiwa kubeba masalia ya viuatilifu vya mashambani. Na ukagunduliwa ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, uleule ulioua vyura nchi nyingi duniani. Januari 2004 walionekana watatu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Kwa hiyo mabomba, ndege, maabara, mishahara ya wataalamu, vyote vililipia kuchelewa. Swali la maadili lina saa yake, mwalimu, na hili ndilo ningependa vijana wako walitafune kuliko jambo jingine lolote. Swali la chura lingeulizwa wakati bwawa bado ni mchoro, lingejibiwa kwa penseli: njia ya maji ibadilishwe hivi, kiasi fulani kiachwe, mvuke upimwe kabla. Lilipoulizwa mwaka 1996 lilihitaji mikutano na mikopo. Lilipoulizwa 2003 halikuwa na jibu. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira, inayotaka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla haujaanza, ilipitishwa mwaka 2004. Ndio mwaka ule wa vyura watatu.

Huko Marekani nao walikufa sana, wakabaki chini ya 100, kisha walezi wao katika bustani za Bronx na Toledo wakajifunza namna ya kuwalea, wakaongezeka kwa maelfu. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 takriban 2,000 wakarejeshwa korongoni. Tangu hapo wamekuwa wakirudishwa kwa awamu. Si wote wanaodumu.

Nilishuka korongoni mara moja. Kabla hujaingia, viatu vyako vinachovywa kwenye dawa ili usiingize ugonjwa kwenye nyayo. Huko chini kuna bomba jembamba linalopanda na kushuka na mteremko, na kila hatua chache kimesimama kinyunyizio kinachopuliza maji membamba kama pumzi ya asubuhi ya baridi. Nilipiga magoti. Nyasi zilikuwa zimelala, kila unyasi na tone kwenye ncha. Mita chache nje ya kinapofikia kinyunyizio, udongo ulikuwa umebadilika rangi na magugu ya kawaida ya milimani yameingia. Mpaka ulionekana kwa macho, kama ule wa shamba lililopaliliwa na lisilopaliliwa. Upande huu dunia ya chura, upande ule haipo. Mwenyeji wangu alikuwa anazibua tundu la kinyunyizio kwa kipande cha waya. Tundu lilikuwa limezibwa na chembe ya mchanga. Akaniambia kazi hiyo haiishi, kila siku kuna tundu. Kazi ambayo mto ulikuwa unaifanya bure, bila likizo, tangu kale, sasa inamsubiri mtu mwenye waya mkononi, na akifa lazima apatikane mwingine.

Sasa niingie kwenye swali lako hasa. Chura ana haki gani?

Kuna jibu rahisi ambalo watu wa fani yangu hulikimbilia, nami nimeamua kutolitumia. Wanasema: tumhifadhi chura, huenda ana dawa ya saratani, tumhifadhi kwa ajili ya watalii. Sitakuambia hivyo kwa sababu si kweli. Hakuna dawa iliyopatikana kwa chura huyu, na korongo lenyewe si mahali pa kupeleka mabasi ya watalii. Korongo hilohilo lina aina yake ya mti wa kahawa wa porini, Coffea kihansiensis, uliopewa jina mwaka 2004, na ningeweza kujificha nyuma yake nikasema huenda siku moja utawafaa wakulima wa kahawa. Lakini hoja ya faida ina ubaya mmoja: siku faida ikikosekana, au faida kubwa zaidi ikitokea upande wa pili, mtetezi anakosa neno. Kwenye mizani ya faida ya fedha, chura wa Kihansi anashindwa. Na akishindwa yeye, watashindwa viumbe wengi sana, maana wengi wao hatujui hata kama wapo.

Mwaka 1973 mwanafalsafa Richard Routley aliwapa wenzake fumbo. Tuchukulie binadamu wote wamekufa, amebaki mmoja, naye yumo kwenye siku zake za mwisho. Anapita akichoma misitu, akiua kila mnyama anayemwona. Hakuna mtu atakayekosa kuni wala kitoweo, hakuna mjukuu atakayedhulumiwa. Je, kuna ubaya? Nimewauliza fumbo hili wanafunzi, wakulima, hata wanamgambo kwenye semina. Sijawahi kukutana na mtu aliyenijibu moja kwa moja kwamba hapana ubaya. Huwa wananyamaza, kisha mmoja anasema, "Huyo amelaaniwa." Hawawezi kutaja aliyeumizwa, lakini ubaya wanauona. Kama nawe unauona, basi umekwisha kukubali kwamba uhai wa vile viumbe una uzito usiotoka kwetu.

Uzito huo sisi tuna neno lake, tena la kila siku: amana.

Mali unaweza kuila, kuiuza, kuigawa, hata kuitupa ukitaka. Amana ni kitu kingine kabisa. Jirani akisafiri akakuachia sanduku, haulizwi mtu kama analipenda lile sanduku, au kama lina faida kwake. Anaulizwa liko wapi. Na ukilipoteza, hata kama ndani mlikuwa na vitambaa vikuukuu, kijiji kitakutazama kwa jicho jingine. Mwalimu Nyerere, Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, alisema pale Arusha kwamba sisi tunaokabidhiwa wanyamapori tunashika dhamana, na kwamba tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu waurithi utajiri huo. Wengi wamelisikia tamko hilo wakadhani ni la tembo na simba. Dhamana haichagui ukubwa. Tena mzigo wa mtunza amana huwa mzito zaidi pale ambapo hakuna mwingine aliyewekewa kitu kile. Tembo wako Kenya, wako Botswana. Tukiwamaliza wetu, ni aibu, lakini tembo wapo. Chura huyu aliwekwa kwenye hekta mbili, na hekta hizo ziko Tanzania.

Amana ya nani? Kwa mwenye dini jibu liko wazi. Umenitajia Biblia kwamba tuitawale dunia. Ni kweli, Mwanzo sura ya kwanza. Geuza ukurasa mmoja, sura ya pili aya ya 15, huyohuyo mtu anawekwa bustanini "ailime na kuitunza". Waislamu darasani kwako watakukumbusha Surat al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege arukaye kwa mbawa zake ni umma kama sisi. Asiye na dini anaweza kusema ni amana ya wasiozaliwa, na ya viumbe vyenyewe. Sioni haja ya kugombana juu ya jina la mwenye sanduku wakati sanduku tumelipoteza.

Najua mwanafunzi mmoja mjanja atanyoosha mkono: na mbu je? Na kwelea kwelea wanaomaliza mpunga wetu Kilombero? Mjibu kwa heshima, swali ni zuri. Mkulima anayefukuza ndege shambani, anayeua panya ghalani, anayemkimbiza kiboko, anatetea uhai wake, na hakuna maadili ya maana yanayomkataza. Kati ya kumuua mnyama anayekudhuru na kufuta ukoo mzima usirudi tena duniani kuna tofauti kubwa, na ndiyo inayonifanya nimtetee chura wa Kihansi kwa sauti ambayo nisingeitumia kwa panya mmoja. Vyura wale hawakuwa wamemvamia mtu. Walikuwa kwao.

Hapo umenisikia nikimtetea chura. Sasa nisikie nikiwalaumu watetezi wake, maana lawama yako ya "watu walioshiba" ina mizizi. Uhifadhi katika nchi hii umewahi kuwa jina la heshima la kuwahamisha watu. Wamaasai walitolewa Serengeti mwaka 1959, ukoloni ungalipo. Wafugaji walitolewa Mkomazi miaka ya 1980, tukiwa huru. Mtu aliyeamriwa avunje boma lake kwa ajili ya swala hatasikia neno "maadili" bila kutema mate, nami simlaumu. Kutunza amana kwa kumnyang'anya jirani chakula ni kuvunja amana nyingine, na nasema hivi nikijua kuna wenzangu watakaokasirika. Gharama ya kumtunza chura inapaswa kubebwa na wale wanaofaidi ndoo saba: mtumiaji wa umeme wa mjini, kiwanda, na mimi ninayeandika haya chini ya feni Morogoro. Ikiwekwa kwa mwanakijiji wa Kilombero kwa kumnyima zahanati, hapo nitahamia upande wako wa mdahalo.

Lakini kwamba maadili haya ni anasa ya walioshiba, hapana, hilo silikubali hata kidogo. Nenda kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wavuvi wake si matajiri. Wao husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kuswalia, hakukuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwani kimeelekea Kibla. Ndipo jina likatoka. Uvuvi wa baruti ulipoanza kuyala matumbawe, makatazo ya serikali hayakuwaingia watu sana. Kisiwa kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na miaka iliyofuata masheikh na wavuvi wakakaa kulizungumza jambo hilo kwa lugha ya dini: binadamu ni khalifa, ameachiwa, ataulizwa. Watu walioikwepa boti ya doria kwa miaka wakaanza kukanyana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyewaletea maadili kutoka nje; yalikuwemo ndani, yakatolewa vumbi. Vivyo hivyo makaya ya Wamijikenda pwani ya Kenya, misitu iliyolindwa na wazee karne kadhaa kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Anayelala karibu na mto ndiye wa kwanza kujua umeugua. Mto ukikauka, mtu wa mjini husikia redioni.

Na bonde lenu linabeba zaidi ya mnavyodhani. Maji ya Kihansi, yawe yamepita kwenye mitambo au kwa chura, yanaingia Kilombero, na Kilombero unachangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Umeme ule wa Rufiji unaanzia kwenye chemchemi na misitu ya huko kwenu juu. Wanaoilinda ile misitu isichomwe ni wanakijiji, na bado wapo wanaolala gizani. Vijana wako wakiisimamisha hoja hiyo kwenye mdahalo watakuwa na neno ambalo hata waziri atalisikiliza.

Umesema utatoa neno la mwisho. Usilitoe bado, ahirisha mdahalo wiki mbili. Wiki ya kwanza, wagawe wanafunzi kwenye kijito kilicho karibu na shule, kila kundi mita kumi na daftari moja. Waandike kila kiumbe watakachokiona, jani, mdudu, chura, konokono, kwa jina wanalolijua, liwe la Kindamba, Kipogoro, Kihehe au Kiswahili. Wasilolijua waulize bibi na babu. Ambalo bibi naye halijui, waandike "hatujui" na wachore. Wiki ya pili wapite kijijini na daftari jingine, nyumba kwa nyumba: yenye umeme, isiyo na umeme, umbali wa nguzo ya karibu kwa hatua zao wenyewe, na gharama ya kuunganishiwa waliyoambiwa. Siku ya mdahalo madaftari yote mawili yawe mezani, na asizungumze mtu ambaye hakuandika humo.

Nitumie tarehe. Barabara ya huko masika naijua, kwa hiyo nitapanda treni ya TAZARA nishukie Mlimba, nije nikae nyuma kabisa ya darasa na kalamu yangu.